Herufi Mbili za Mwashi

Wilaya ile ni ndogo. Mgeni akianza saa mbili asubuhi, hadi mchana ameshamaliza pango, maporomoko na ngome, na bado ana muda wa kulalamikia jua. Mtembezaji wa wageni aliitwa Bibi Twende, maana neno hilo alilisema hata walipokuwa wameshafika.

Jumanne moja, mbele ya ngome, alisoma kibao kama kawaida: "Bwana Mkubwa alijenga ngome hii kwa miaka tisa."

"Si kweli," alisema mzee mmoja nyuma ya wageni, kwa upole tu. Alikuwa na chokaa kwenye nyusi na timazi ya kupimia kuta shingoni. Bibi Twende alimtambua kwa masikio, kwani masikio yale ni ya ukoo mzima. Alikuwa babu mzaa babu yake, mwashi, aliyefariki ngome ikiwa bado haina paa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Huyo Bwana alikuja mara mbili, zote kabebwa. Andikeni 'alijengewa'. Herufi mbili tu, mjukuu wangu, nikalale. Nimechoka."

Wageni waliuliza kama choo kiko karibu.

Bibi Twende alimpeleka ofisini. Meneja wa vivutio alimpa mzee kiti, akamuuliza kama ana tiketi. Kisha akasikiliza, maana hakuwa mtu mbaya.

"Alijengewa," alirudia, akilionja neno. "Tatizo, mama, tukiligusa hilo itabidi tubadilishe vipeperushi, na fulana, na ile hotuba ya mheshimiwa. Herufi mbili hizo ni nyingi."

"Lakini mzee hapumziki."

"Ndiyo maana nasema, tumtumie."

Wiki iliyofuata mzee aliongezwa kwenye ratiba, baada ya maporomoko. Walimwekea kamba ya kumzunguka pale ngomeni na kibao chake mwenyewe: *Mwashi wa kale. Usimguse.* Wageni walimpenda kuliko pango.

Ilimuuma Bibi Twende, tena sana. Usiku, mbele ya kioo, alijizoeza kusema "alijengewa", likatoka vizuri. Asubuhi meneja alisimama pale pale ngomeni, mikono nyuma, akitabasamu.

"Bwana Mkubwa," alianza Bibi Twende, akimtazama meneja, "alijenga ngome hii kwa miaka tisa."

Mgeni mmoja aliinua kamera, naye mzee akasogea kushoto kidogo, asije akakiziba kibao cha Bwana Mkubwa.