Sentensi ya Sita

“Ni wewe uliyekibana kikaratasi changu!”

“Nimebana nilichokikuta mezani, wifi. Tangu lini meza ya pasi ikawa dawati la shule?”

Mama Pasi aliisimamisha pasi kwa kishindo, ikapiga chafya ya mvuke. Miaka kumi na minne alikuwa akinyoosha mashati ya hoteli hiyo, na sasa alikuwa na wiki ya tatu akijifunza Kiarabu. Wageni wengi siku hizo walizungumza lugha hiyo, na meneja alikwisha kusema: msimamizi mpya wa madobi atakuwa anayeweza kuisoma. Angewapima waombaji leo saa nne, ukumbini, mbele ya wafanyakazi wote.

Mwalimu wake hakuwa na mchezo. Kila neno, sentensi kumi. Neno la jana lilikuwa zaimu, yaani kiongozi, na Mama Pasi alikuwa akiandika kwa Kiarabu nyuma ya vikaratasi vya namba za vyumba vinavyobanwa kwenye nguo, nguo zenyewe zikisubiri. Zaimu anatangulia. Zaimu anabeba bendera. Ilipofika ya sita, viongozi wa vitabuni walimwishia, akageukia wa karibu.

“Hicho kinasemaje?” wifi aliuliza.

“Zaimu wetu anaamka adhuhuri, na shati lake linanuka vitunguu.”

Wifi alijiziba mdomo kwa foronya. “Mama yangu! Nimekibana kwenye kola. Ya meneja.”

“Na shati liko wapi?”

“Amelivaa.”

Walipanda ngazi wakikanyagana. Meneja alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, nadhifu, kifua mbele, na karatasi ndogo ikimpepea kisogoni. Nyuma yake wapokezi watatu, waliosoma Kiarabu tangu utotoni, walikuwa wakigongana mabega kwa kicheko.

“Nyamaza,” wifi alinong'ona. “Jioni atalivua, litarudi kwetu tulifue. Wewe soma kikaratasi kingine, uchukue cheo, basi.”

Lilikuwa wazo zuri. Mama Pasi alilipenda kabisa.

Meneja akageuka kuchukua glasi ya maji, na kicheko kikawaponyoka wapokezi. Akawatazama mmoja mmoja. Kisha naye akacheka, kwa nguvu kuwazidi, asijue anachochekea.

“Haya, anayefuata,” alisema, masikio yamemwiva. “Mama Pasi! Utatusomea nini?”

Mama Pasi alimkaribia, viatu vyake vya mpira vikilia kwenye marumaru.

“Geuka, bosi.”

“Nini?”

“Geuka, nakwambia.”

Akageuka, kama mtoto anayefungwa vifungo. Mama Pasi alikichomoa kikaratasi, pini akaibana midomoni kwa mazoea, akaitoa tena na kuichomeka kwenye mkono wa gauni lake. Kule ngazini wifi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

“Hii nimeandika mimi,” alisema. “Si hao wapokezi.”

Akaweka kidole upande wa kulia, chini ya neno la kwanza, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, bila kuruka hata vitunguu.