Walivyomuua Papa kwenye Pakiti ya Kahawa

Naitwa Bénie. Ninapika kwenye nyumba moja ya wageni huko Himbi, mjini Goma, hatua chache kutoka ziwani. Wageni wetu wengi ni watu wa mashirika, na asubuhi kitu cha kwanza wanachouliza ni kahawa. Jumanne moja mwenye nyumba alileta katoni ya pakiti mpya, nyeusi, zenye picha mbele. Nilishika kisu ili nikate ya kwanza, nikamwona mama yangu.

Sikukosea. Kitenge alichovaa nilimnunulia mimi mwenyewe. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya kuanikia kahawa, viganja vimejaa punje, anacheka bila kuonyesha meno, kama anavyocheka mbele ya watu asiowajua. Nilifurahi kabisa. Nikamwita Héritière, mwenzangu anayefanya usafi, nikamwonyesha. Ni yeye aliyegeuza pakiti na kuanza kusoma Kifaransa kilichoandikwa nyuma. Alipomaliza alinitazama.

"Bénie, papa yako alikufa lini?"

Nilimnyang'anya pakiti nikasoma. Iliandikwa kwamba Angèle ni mjane, kwamba vita ilimchukulia mume wake, kwamba anaishi peke yake katika kijiji kilichosahauliwa msituni, ambako hakuna mfanyabiashara anayefika. Kila kikombe unachokunywa, walimalizia, kinamrudishia tumaini.

Papa yangu anaitwa Kakule, na jana yake jioni tulikuwa tumeongea kwenye simu. Alikuwa analalamika juu ya jino. Na kwetu Kalemero si kijiji, wala hakuna msitu. Ni mji wa biashara kando ya mto, katikati ya vilima vilivyojaa kahawa. Kuna daraja la chuma, na kuanzia darajani mpaka parokia maduka yamepangana pande zote mbili: vitenge, misumari, betri, samaki wa chumvi, famasi mbili. Alhamisi, siku ya soko, malori yanapiga foleni tangu asubuhi kungoja kuvuka. Watu wa Butembo wamejenga huko nyumba za ghorofa. Papa mwenyewe anauza vipuri vya pikipiki karibu na daraja, mwaka wa kumi na tisa sasa. Yeye ndiye mfanyabiashara asiyefika.

Nilimpigia simu hapohapo jikoni, maji ya wageni yakichemka mpaka yakakauka. Nilimsomea polepole, neno kwa neno.

"Soma tena pale pa kufa," alisema.

Nilisoma tena.

"Sawa. Hiyo pakiti usiitupe."

Siku ya tatu yake walifika Goma, yeye na mama, wamebanwa kwenye taksi-basi tangu Rutshuru. Papa alikuwa amevaa koti alilovaa siku ya kipaimara changu, na kwenye bahasha alibeba kadi yake ya mpiga kura na cheti cha ndoa cha parokia. Mama hakuwa amebeba kitu. Hakutaka hata chai. Aliniomba pakiti, akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akaiweka kwenye mkoba wake.

Ofisi ya kampuni ile iko hukohuko Himbi, nyumba nyeupe yenye bustani. Tulipokelewa vizuri. Msimamizi wa matangazo, bwana mmoja anayeitwa Bagalwa, alitupa viti na maji ya chupa, akamtambua mama kabla hatujasema jina lake.

"Mama Angèle. Picha yako inapendwa sana kule Ulaya."

Papa aliweka kadi na cheti juu ya meza. "Mimi ni Kakule, bwana ya huyu mama. Mumeandika kama nilikufa. Nimekuja munione."

Bagalwa alisoma kadi. Nadhani mwanzoni aliona aibu, lakini aibu yenyewe haikukaa. Alianza kueleza kwamba mnunuzi wa mbali anataka kuguswa moyo, kwamba wajane ni wengi Kivu, kwamba hadithi ile ni kama ya wote.

"Wajane ni wengi, ni kweli," papa alisema. "Wapo kumi na moja wanaochambua kahawa pamoja na bibi yangu. Majina yao nayajua. Mbona hamukuwauliza hao?"

"Muzee, mupiga picha alichagua sura."

"Na mimi mukanichagulia kifo."

Ndipo mama akatoa pakiti kwenye mkoba na kuiweka chini ya macho ya Bagalwa. Aliweka kidole kwenye bega lake kwenye picha. Sikuwa nimeona. Pale begani, kwenye ukingo ambapo picha imekatwa, kulikuwa na vidole vinne vya mtu.

"Huo ni mukono wake," mama alisema. "Tulipigwa picha wawili. Mutu wenu alikuja, tukamupikia kuku, Kakule akamupeleka na pikipiki yake mpaka juu kwenye mashamba. Mukono uko hapa. Mwenye mukono, mumemuweka wapi?"

Bagalwa alisimama. Alifungua kabati akatoa karatasi yenye sahihi ya mama, ile aliyowekewa mbele siku ya picha akiambiwa ni orodha ya waliohudhuria. Kumbe ilikuwa ruhusa ya kutumia picha na "historia ya maisha". Alisema kwa sauti ya upole kwamba kwa sheria hakuna kosa, na kwamba pakiti zimekwisha kuchapwa, maelfu, zitatumika mpaka ziishe. Mwaka ujao wataona. Kisha akaita katibu atuletee fulana tatu za kampuni.

Nilitaka kumwagia yale maji ya chupa usoni. Papa alirudisha kadi yake kwenye bahasha taratibu. Fulana tuliziacha kwenye kiti.

Barabarani papa alisema tutafute avoka wa kututetea, tufungue kesi. Mama alitembea mbele yetu bila kugeuka.

"Kesi itaisha wajukuu wa Bénie wakiwa wazee," alisema. "Kahawa yao inatoka kwa mikono yetu. Turudi nyumbani."

Mama ni rais wa wanawake wanaochambua kahawa kwenye kituo cha kuoshea, pale chini mtoni. Yaliyofuata niliyaona mwenyewe, maana niliomba ruhusa ya wiki mbili, nikaenda nao. Aliwaonyesha wenzake pakiti ile, mimi nikisoma na kutafsiri. Nilipofika kwenye "hakuna mfanyabiashara anayefika" wale wenye maduka kati yao walicheka. Mjane mmoja, Mama Donatille, hakucheka. Mume wake aliuawa kweli. Alisema, "Mauti ya bwana yangu si kitu cha kupaka kwa mutu mwingine ili kahawa iuzike."

Lori la kampuni lilipokuja Alhamisi kuchukua kahawa, wanawake walikuwa wamekaa juu ya magunia, wote arobaini na sita, na vitafunio vyao na watoto wao wa mgongoni. Dereva alipiga simu Goma. Walikaa Ijumaa. Walikaa Jumamosi. Jumatatu Bagalwa akafika mwenyewe, viatu vyake vimejaa vumbi la soko letu.

Papa hakumtukana. Alimshika mkono akatembea naye kutoka darajani mpaka parokia, duka kwa duka, akimtambulisha. "Huyu ndiye aliyeandika kama nilikufa." Watu walimsalimia kwa heshima, na hilo lilimchosha kuliko matusi. Mbele ya magunia Bagalwa alisema alikosea, akaandika na kutia sahihi kwamba pakiti zile zitaondolewa. Mama alisoma barua mara mbili, na ndipo wanawake wakashuka.

Ziliondolewa kweli, nusu nusu. Zile za Ulaya walisema zimekwisha kwenda. Miezi mitatu baadaye mwenye nyumba wetu alileta pakiti mpya. Hakuna mama tena, hakuna mtu yeyote. Ni picha ya mto, imepigwa mahali ambapo daraja halionekani, na maneno: kahawa ya milima, kutoka bonde lisilo na jina.

Nilimpigia papa. Safari hii hakuniomba nisome tena.

Siku hizi kila gunia linalotoka kwetu limeandikwa KALEMERO kwa rangi nyekundu, pande zote mbili. Bagalwa alipiga simu akisema wanunuzi wanataka magunia safi. Mama alimwambia rangi imeshakauka, akakata simu, akarudi mezani kuchambua. Papa bado anasema tungefungua kesi. Na mimi, nikimwaga kahawa kwa wageni asubuhi, ninawaambia inatoka mji gani, hata wasiouliza. Mwenye nyumba hapendi. Mpaka sasa hajanifukuza.