Kikohozi cha Chungu Namba Kumi na Tisa

Mbegu za madomo hazifukiwi. Zinamwagwa juu ya udongo, zinakandamizwa kidogo kwa kiganja, zinanyunyiziwa maji na kuachwa zione mwanga, la sivyo haziamki. Mtunza bustani wa kiwanda cha vigae alizipanda kila mwaka baridi ilipoanza, kwenye trei nyuma ya stoo. Pakiti iliziita mdomo wa joka. Wafanyakazi waliyaita maua yake madomo, kwa kuwa ukilibana ua mashavuni linaachama, ukiliachia linafumba. Miche ilipofikisha jozi nne za majani aliikata ncha ili itoe matawi. Mirefu aliipanda kando ya njia ya kutoka getini hadi ofisini, akaiegemeza kwa vijiti. Mifupi aliitia kwenye vyungu themanini, kila kimoja na namba ya rangi nyeupe, maana meneja alipenda vitu vyenye namba.

Mwaka ule madomo yalichanua mekundu, ya njano na ya waridi, na Jumatatu moja, saa moja asubuhi, yakaanza kukohoa.

Mtunza bustani alikuwa amechutama akimwagilia mashinani, si juu ya majani, kwa sababu majani yakilowa yanapata ugonjwa wa kutu. Ua la chungu namba kumi na tisa likaachama, likakohoa mara mbili, kavu, likavuta pumzi, kisha likakohoa mara ya tatu kwa kirefu, kama mtu anayeburuta benchi sakafuni. Alikijua kikohozi hicho. Alikunywa nacho chai kila siku. Kilikuwa cha mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, ambaye huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja katika chumba cha kusaga.

"Hata wewe?" aliliambia ua, akaendelea kumwagilia.

Chumba cha kusaga ndimo mawe yanamofanywa unga. Hakina madirisha, kwa kuwa unga ni mali na mali haipeperushwi. Mdogo wake alitaka jambo moja tu hapa duniani: ahamishiwe upakiaji, ambako kuna hewa. Kuhama kulitaka cheti cha daktari wa kiwanda. Daktari huyo alikuja kila baada ya miezi mitatu, akawapanga foleni, akawawekea chombo cha kusikilizia kifua juu ya shati, akahesabu mpaka nne, akaandika: Mzima, aendelee na kazi. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Wahenga hawakuwahi kuajiriwa na kiwanda cha vigae. Pale kikohozi kilifichwa miaka nenda miaka rudi, kwa kalamu moja ya buluu.

Kufikia mchana madomo yote yalikuwa yakikohoa, kila moja kikohozi cha mtu wake. Wasagaji walitoka na mabakuli yao ya chakula, wakapita vyunguni wakijitafuta.

"Huyu ni mimi," alisema mmoja. "Msikieni anavyomalizia."

"Acha kujipendelea. Wewe tangu lini ukakohoa kwa madaha hivyo?"

Ua moja refu la njano, kando ya njia, lilikuwa na kikohozi cha msagaji aliyezikwa mwaka juzi. Mjane wake, mpika chai wa kantini, alileta kigoda akakaa nalo mpaka mapumziko yakaisha. Kesho yake alikuja tena na kigoda chake.

Siku ya nne ikaja barua kwamba kamati ya mashindano ya mazingira ingepita wiki inayofuata. Kiwanda kilikuwa kimeshinda mara tatu. Meneja akatoka ofisini, akatembea kati ya vyungu, mikono mgongoni, akisikiliza.

"Yameanza lini haya?"

"Jumatatu, bosi."

"Jumatatu! Na wewe ukakaa kimya? Viumbe vinaumwa mbele ya macho yako, unakaa kimya? Huna huruma?"

Mtunza bustani alikuwa ameandika barua nne kuhusu mdogo wake, kwa mkono wake, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Barua zile zilimjaa mdomoni zote kwa pamoja.

"Samahani, bosi," alisema, na alijichukia siku nzima kwa kusema hivyo.

Daktari aliitwa siku ileile. Alipiga magoti kwenye udongo na suruali yake ya pasi, akakaa dakika tatu kwa kila ua. Chombo chake alikipasha kwanza kwa pumzi ili ua lisishtuke. Aliuliza kama linalala vizuri, kama linatoa makohozi yenye damu, kama ndugu zake nao wanakohoa. "Vuta pumzi," aliliambia, nalo likavuta. "Pole, pole sana." Mtunza bustani alimshikia mkoba na kumtazama, na hasira yake ikabadilika rangi. Miaka yote alikuwa akimdhania mjinga. Kumbe alikuwa daktari hodari.

Cheti kilisema: Chungu namba kumi na tisa. Vumbi la mawe limejaa mapafuni, ni la miaka mingi. Kihamishwe mara moja kipelekwe penye hewa safi, kisirudishwe kamwe.

Mtunza bustani alikichukua cheti kwa mkono mmoja na mdogo wake kwa mkono wa pili, akawapeleka wote kwa afisa utumishi.

"Dada, hiki ni cheti cha chungu," alisema afisa baada ya kukisoma.

"Fungua dirisha usikilize."

Afisa akafungua. Mdogo wake akakohoa, hakuhitaji kujilazimisha. Nje, chungu namba kumi na tisa kikajibu: mbili kavu, pumzi, kisha benchi likaburutwa. Afisa utumishi alikuwa mtu makini. Alivisikiliza vyote viwili mpaka mwisho, akaomba virudiwe, akaandika kitu kwenye faili.

"Kikohozi ni kimoja," alikubali. "Hilo halina ubishi. Lakini kilichoandikiwa kuhama ni chungu. Kijana wetu huyu ameandikwa mzima. Mtu mzima nitamhamishaje?"

"Na huyo mzima akinifia?"

"Aa, dada, tusifike huko." Akafunga dirisha, maana vumbi lilikuwa linaingia.

Ijumaa lori likaja kuwachukua wagonjwa, liwapeleke nyumbani kwa mkurugenzi, kilimani, ambako upepo wa kiwanda haufiki. Mirefu iling'olewa na udongo wake. Mjane alishika lile ua la njano mpaka mlinzi akambandua vidole kimoja kimoja, kwa adabu. Wasagaji walitolewa kazini kwa saa moja waje kubeba vyungu, na kila mmoja akapewa barakoa mpya, nene, yenye vichujio viwili. Walikuwa hawajawahi kuziona. Meneja akaeleza kwamba si vizuri kuwapumulia wagonjwa vumbi. Mdogo wake akabeba namba kumi na tisa, wakawa wanakohoa wote wawili njia nzima.

"Haya, tangulia," alikiambia chungu alipokiweka ndani ya lori.

Barakoa zikakusanywa. Wakarudi kusaga.

Tangu hapo mtunza bustani alikuwa akipanda kilimani kila Ijumaa kumwagilia. Wiki ya tatu namba kumi na tisa ilikohoa mara moja tu. Wiki ya sita haikukohoa. Ilikuwa imetoa machipukizi mapya, na ilifumbua mdomo kwa ajili ya nyuki tu. Daktari akaja kuitazama, akafurahi kwelikweli, akaiandikia cheti cha kupona.

Jioni hiyo mtunza bustani alimwambia mdogo wake mezani.

"Limepona? Kumbe nimepona, wala siambiwi!" Alicheka, na kicheko kikamgeukia kuwa kikohozi, akashika ukingo wa meza mpaka kikapita. Kwenye kitambaa alichoziba mdomo palikuwa na doa la damu. Dada yake aliliona. Alipiga meza ngumi, vikombe vikaruka.

Miezi mitatu ikatimia, foleni ikapangwa. Mtunza bustani alikuwa nyuma ya mdogo wake, kwa kuwa wanaofanya kazi nje nao hupimwa. Mdogo wake alikohoa kabla hajaulizwa. Daktari akafungua faili, akasoma maandishi ya afisa utumishi, uso ukamng'aa.

"Ah, ndiwe wewe! Kikohozi hiki na cha chungu namba kumi na tisa ni kimoja, imethibitishwa humu. Basi hicho kimepona. Nimekiandikia cheti mimi mwenyewe."

"Daktari, lakini bado nakohoa."

"Nakusikia," alisema daktari kwa upole, akaandika: Mzima, aendelee na kazi. "Anayefuata."

Dada yake akasogea. Daktari akamwekea chombo juu ya shati, akaanza kuhesabu. Moyo wa dada ulikuwa unapiga kwa hasira hata meza ikatetemeka, karatasi zikateleza na dirisha likagonga fremu yake. Daktari akaizuia kalamu isianguke, akamaliza kuhesabu mpaka nne, akaandika: Mzima, aendelee na kazi.