Birika Juu ya Kaburi la Ignác

Mwenyekiti wa kamati ya makaburi yetu ya zamani ya Kiyahudi, hapa Budapest, alikuwa hajaingia makaburini kwa miaka kumi na mmoja, na hakuna mwanakamati aliyeona ajabu. Dezső Halmos alikuwa kuhani. Na kuhani, mwana wa Haruni, hakanyagi penye wafu isipokuwa anapomzika mzazi, mtoto, ndugu au mke. Ruhusa hiyo ilimpata mara ya mwisho alipomzika mkewe, Aranka. Tangu hapo aliyaongoza makaburi akiwa juu ya kiti cha kukunja, nje ya lango, kando ya kituo cha tramu, akipiga kelele juu ya ukuta.

Aliyepigiwa kelele ni mimi. Nilikuwa mwalimu wa Kilatini, lugha ambayo wenyewe wamekwisha kufa, kwa hiyo kamati iliona ninafaa. Mimi si kuhani. Ni Mwisraeli wa kawaida, si wa ukoo wa makuhani wala wa Walawi, tena mwenye mashaka na mambo mengi, jambo ambalo halimzuii mtu kufyeka majani.

Kila Alhamisi Dezső aliokota kijiwe kando ya reli, akanikabidhi. Nilikiweka juu ya kaburi la Aranka, kama ilivyo desturi yetu, nikarudi langoni, nikanawa mikono bombani na kutoa taarifa.

"Hajambo?"

"Ametulia."

"Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Aranka hakuwa mtu wa kutulia."

Kila mwaka baridi ilipokwisha aliuliza pia habari za mti wa mlozi ulio kando ya kaburi. Aranka aliichagua nafasi ile kwa ajili ya mti huo. Je, mwaka huu umechanua mapema au umechelewa? Nilimjibu kuwa umechelewa. Hapo alianza kulalamika kwamba sheria imemtenga na mkewe kuliko kifo chenyewe, na aliyasema hayo kwa ufasaha kiasi kwamba abiria waliosubiri tramu walifuta macho.

Cheo kilikuwa na faida zake pia. Siku ya Sabato, katika sinagogi letu dogo, kuhani ndiye anayeitwa kwanza Torati inaposomwa, na katika sikukuu ndiye anayetunyooshea mikono kutubariki. Hatukuwa na mwingine; pasipo kuhani, mtu yeyote anaweza kuitwa kwanza. Vilmos Sugár, muuza miwani mstaafu wa safu ya pili, alinong'ona kwa miaka mingi kwamba ukuhani wa Halmos hauna ushahidi ila neno la baba yake, ambaye mwaka 1945, baada ya mauaji ya Wayahudi, alirudi mjini na kukuta nafasi nyingi ziko wazi.

Ili kumnyamazisha Sugár, Dezső aliniamuru nifyeke upande wa kale mpaka nilipate kaburi la babu yake mzaa baba. Juu ya jiwe la kuhani huchongwa mikono miwili inayobariki; picha moja ya mikono hiyo ingetosha. Nilipigana na mimea ya kutambaa siku kadhaa, hatimaye nikatoka, nikanawa.

"Umempata?"

"Nimempata. Ignác, dalali wa ngano, mume wa Réza."

"Ndiye huyo huyo! Na mikono?"

"Hakuna mikono. Kuna birika."

"Birika gani?"

"La Mlawi, Dezső. La kuwanawisha makuhani. Limechongwa vizuri, hata tone la maji linaonekana."

Alinitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi.

"Labda babu alipenda kahawa."

"Labda. Lakini chini yake wameandika 'Mlawi'."

"Mchongaji alikuwa amelewa!"

"Mlevi hawezi kuchonga tone."

Tramu ilipita. Nikasema lililobaki kusemwa.

"Mlawi huingia makaburini kama mtu yeyote. Lango liko wazi, na Aranka yuko ndani."

"Na Sabato je?"

"Utakaa kitini kama sisi wengine."

"Nimwone Sugár akiitwa kwanza? Heri nife!"

"Ukifa utaingia bila mjadala."

Hakucheka. Alitazama kulia, akatazama kushoto.

"Nani mwingine ameliona?"

"Mimi na konokono."

"Lifunike."

Nililifunika. Mwenye mashaka hana wajibu wa kumlazimisha mwenzake ukweli. Sabato hiyo Dezső aliitwa kwanza, akapanda mimbarani, akarudi kitini pake, wala dari haikuanguka.

Alhamisi akanipa kijiwe.

"Mpelekee."

"Sipeleki."

"Goti linakuuma?"

"Goti ni zima. Nilikuwa ninapeleka kwa sababu wewe ulizuiwa. Sasa ruhusa yako ya kuingia nimeifunika kwa majani, kwa amri yako. Ukipenda kuwa kuhani, kuwa. Ila mimi si tarishi wako tena."

"Wewe hata Mungu humwamini!"

"Ndiyo maana sina wa kumsingizia."

Alibaki na kijiwe mkononi. Tramu zilikwenda, zikarudi. Mlinzi alipoanza kutikisa funguo, Dezső alisimama, akakunja kiti chake taratibu kama mtu anayehama nyumba, akaingia.

Sikumfuata. Mlinzi alitaka kufunga. Nikamwomba avute sigara moja, kisha ya pili. Dezső alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu. Alinawa mikono kwa muda mrefu.

"Mlozi uko wapi?"

"Uliangushwa na dhoruba. Ni zamani sana."

"Na kila mwaka unaniambia umechelewa!"

"Uliniuliza kama umechanua mapema au umechelewa. Mapema haukuchanua."

Sabato iliyofuata, kuhani alipoitwa, Dezső hakuinuka. Akaitwa mara ya pili. Alikohoa, akasema kwa sauti ya mwenyekiti: "Hayupo. Hapa kuna Mlawi tu." Sugár, aliyeisubiri siku hiyo nusu ya maisha yake, aliitwa badala yake, akapanda, akashikwa na woga, akaisahau baraka inayosemwa kabla ya Torati kusomwa. Ilibidi Dezső amnong'oneze kutoka kitini, neno kwa neno.

Siku hizi kiti cha kukunja kiko ndani, karibu na Aranka, na karibu mno na kazi yangu. Hakuna jani ninalofyeka bila maoni. Kando ya kaburi tulipanda mlozi mpya, ambao hadi sasa haujapita urefu wa mwavuli. Mwaka huu, baridi ilipokwisha, nilikuwa langoni nikinawa, nikapiga kelele juu ya ukuta kuuliza kama umechanua.

"Umechelewa!" alinijibu kutoka ndani.