Gereza Liwe la Mwisho

"Washa gari, twende."

"Siwezi, mama. Mwalimu bado yuko ndani."

"Basi abaki humohumo na makaburi yake. Kaburi halina haraka. Mimi ninayo."

Mama wa watu alikuwa amekaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, mlango ameuacha wazi kama anayetaka kushuka anizabe kofi. Sikumlaumu. Ilikuwa saa nane na nusu na bado tulikuwa na ngome, halafu ndiyo gereza la zamani. Gereza linafunga saa kumi. Kila dereva anayezungusha wageni anajua hilo.

Na yeye alikuja kwa ajili ya gereza tu. Asubuhi, hata kabla hajafunga mkanda, alinieleza. Baba yake alifungwa mle yeye akiwa bado tumboni, akafia mlemle. Mfungwa mwenzake aliyetoka akaleta habari kwamba jina lake liko ukutani, chumba cha tatu, kalichora kwa msumari. Mama hajawahi kumwona baba huyo hata kwa picha. Kasafiri siku mbili kwa basi, na kesho alfajiri anarudi, kaacha mgonjwa kitandani. Siku yake ilikuwa hiyo moja.

Utauliza kwa nini sikuanza na gereza. Nilisema tuanze nalo. Liko dakika kumi kutoka stendi nilipowapakia. Ndipo mwalimu akafungua mdomo.

Abiria walikuwa wanne, wamechangia gari langu kwa siku nzima: mama, mwalimu mstaafu mwenye daftari na kalamu tatu mfukoni, na mtu na mkewe waliooana juzi. Mwalimu akasema historia haisomwi kinyumenyume. Tuanze na ukuta wa mji wa kale, twende makaburini, kisha ngome, gereza liwe la mwisho kwa sababu ndilo changa kuliko yote. Nikamwambia barabara haiko hivyo, tutakwenda na kurudi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akanitazama juu ya miwani.

"Kijana, uliishia darasa la ngapi?"

La saba sikulimaliza. Nilikimbia shule kwa sababu ya watu wenye sauti kama ile. Maharusi wakacheka, si sana, lakini kicheko ni kicheko, wakasema kwao popote ni sawa. Mama akaniuliza, "Mwanangu, tutawahi kweli?" Na mimi, nisije nikaonekana mjinga mara ya pili, nikasema tutawahi, nikatia gia.

Mwalimu alitoka makaburini saa tisa kasoro kumi. Alikuwa anamsahihisha mwongozaji wa pale miaka, mmoja baada ya mwingine, mpaka yule jamaa akamwachia kazi akaenda kukaa kivulini. Nikamwambia ngome tunairuka. Akasema kalipia vituo vinne na ataona vinne, tena kwa mpangilio. Nikamwambia mpangilio huo akawapangie wajukuu zake. Akasema atampigia simu tajiri yangu, mwenye gari. Nikamtajia namba. Bwana harusi akatuomba tusigombane mbele ya mke wake, mama akamwambia atafune biskuti zake anyamaze.

Ngome niliipita kama sijaiona. Lakini kutoka makaburini hadi gerezani unakata mji mzima, na saa hiyo malori yanashusha mizigo sokoni. Nilipita vichochoro, nilipita penye kibao cha kukataza, nikatukanwa na mtu wa baiskeli, na matusi mengine nilistahili. Mama alikuwa anaangalia saa ya gari tu, na saa ya gari langu iko sawasawa, kwa bahati mbaya.

Tulifika saa kumi na dakika saba. Mlinzi kashafunga kufuli, anavaa koti. Mama akamweleza habari yake yote, mpaka chumba namba ngapi. Nami nikamweleza. Hata mwalimu, simnyimi haki yake, alivua kofia akaomba. Mlinzi akasema funguo za vyumba anaondoka nazo mkubwa wake, na mkubwa kashaondoka. Turudi kesho saa tatu.

Kesho saa tatu mama atakuwa ndani ya basi.

Mwalimu akaanza kusema kwamba kwa kweli jengo lile lilikarabatiwa mara mbili, pengine hata hilo jina... Mama akainua mkono, naye akanyamaza kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikajua sasa atamwashia moto. Nilikuwa nimeshajiandaa kufurahi.

Akanigeukia mimi.

"Huyu kazi yake ni tarehe, njia haijui," akasema taratibu. "Wewe kazi yako ni njia. Na nilikuuliza. Uliogopa kuitwa mjinga, ukaniuzia siku yangu."

Nikamwambia mama, panda, nikupeleke ulikofikia. Akasema kwenye gari langu hapandi tena. Nikamwambia ni mbali. Akatundika mkoba begani, akauwekea kiganja ukuta wa nje, kidogo tu, kisha akatupa kisogo, akashika barabara kwa miguu.