Mtumishi wa Lazima

Modestus alikuwa na imani mbili tu maishani: Kanisa Katoliki na kazi ya serikali. Ya kwanza aliirithi kwa mama yake kule Bukoba. Ya pili aliipata Texas, siku alipoajiriwa kukagua abiria katika uwanja wa ndege wa Dallas. Kampuni hufilisika, alikuwa akisema, mabosi huhama, lakini serikali ya Marekani? Hapo alicheka peke yake, kwa sababu mkewe Apolonia alishauzoea mzaha huo mpaka ukamchosha.

Basi Novemba 2018 ilipomfikia barua ya posa nyumbani kwake Mansfield, ikimwombea Anicet, kijana wa Kirundi wa Sharpstown kule Houston, amwoe binti yake Glory, Modestus aliisoma mpaka kwenye neno "ghala", akaikunja. Anicet alikuwa anaendesha mashine ya kupandisha mizigo. Hakuwa mlevi, hakuwa mhuni, aliimba kwaya kila Jumapili. Ila hakuwa na kazi ya serikali, masikini.

"Akipata ajira ya maana aje tuzungumze," alimwambia mkewe, na barua hakuijibu. Kila Mtanzania anajua kwamba barua ya posa hujibiwa, hata kama jibu lenyewe ni la kumfukuza mtu kwa adabu. Kuinyamazia ni dharau. Modestus alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alinyamaza.

Kisha, tarehe 22 Desemba, serikali ikafungwa. Huko Washington upande mmoja ulitaka mabilioni ya kujenga ukuta mpakani, upande wa pili ukasema hautoi, na kwa kuwa wote ni watu wazima wenye busara zao, wakaacha bajeti ikining'inia wakaenda kula Krismasi. Mishahara yao wenyewe, tusiwe na wasiwasi, iliendelea kuingia.

Modestus aliambiwa kwamba yeye ni mtumishi wa lazima, maana yake aje kazini kama kawaida na malipo atayasikia baadaye. Wenye akili nyingine wangesikitika. Yeye alivimba kichwa. Jumapili mbili mfululizo aliwasimulia waumini nje ya kanisa: "Wapo walioambiwa wakae nyumbani, hawana umuhimu. Mimi? Mimi ni wa lazima!" Siku ya mshahara ilipofika na karatasi ya malipo ikaonyesha sifuri, habari hizo za nje ya kanisa zikaisha ghafla. Wenzake walianza kuchukua maboksi ya chakula yaliyokuwa yakigawiwa karibu na uwanja. Yeye alipita pale akijifanya anasoma simu.

Apolonia, aliyekuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, naye alikuwa akifuatilia taarifa ya habari.

"Baba Glory, hawa wakubwa wa Washington nimewapenda," alisema. "Na mimi nafunga jiko mpaka ujibu ile barua."

"Unamfungia jiko mumeo?"

"Huduma za lazima zitaendelea. Chai ipo."

"Sitishwi na mtu!"

"Wala wao hawatishiki. Sukari ile pale."

Glory, aliyekuwa akisoma chuo mjini Richardson, alirudi wikiendi akamkuta baba yake anachovya mkate kwenye chai saa saba mchana. "Dad, seriously? Just answer the letter," alisema. Kisha akakaa mbele yake, macho yamemwiva. "Anicet asks me every day nimwambie nini. Sina cha kumwambia." Modestus aliendelea kuchovya. Moyoni alimwonea huruma mwanawe, lakini angeanzia wapi kurudi nyuma, yeye aliyekwisha kumtangazia mkewe msimamo wake? Akavumilia siku tisa za chai, kila upande ukimsubiri mwenzake achoke.

Jumamosi ya tarehe 19 Januari washenga wakaja wenyewe kutoka Houston kuuliza jibu. Mshenga mkuu, Mzee Severin, alitangulia, mwembamba, koti limempwaya. Nyuma yake Thierry, mjomba wa kijana, akihema na gunia la mchele begani, galoni ya mafuta na mfuko wa maharage mikononi. Modestus alikuwa ametoka kazini muda huo. Sare hakuivua, makusudi, wajue wako mbele ya nani.

Aliutazama mzigo. "Hii ni mahari au ni msaada?"

Thierry akatazama dari. Mzee Severin akajibu taratibu, "Mahari hatujatajiwa, mzee mwenzangu. Hiki ni chakula tu. Tulisikia kwa Glory hamjalipwa."

"Tutalipwa! Serikali haidhulumu mtumishi wake."

Apolonia akakohoa.

"Na mimi nilisema hivyo hivyo," alisema Mzee Severin. "Nilikuwa mwalimu wa serikali kule Burundi. Kalamu mbili, hapa." Aligusa mfuko wa koti. "Oktoba ya mwaka tisini na tatu tukakimbia. Huyu Anicet alikuwa mgongoni kwa mama yake. Mshahara wa mwezi ule bado nausubiri."

Hakuna aliyecheka, maana hakusema kwa kuchekesha.

"Miaka kumi na minne nimepanga foleni ya mgao kambini Kigoma, kwenu," aliendelea. "Mahindi yenu nimekula. Mlitutukana kidogo, lakini mlitulisha. Sasa nikija kwako mikono mitupu na mimi nasikia jiko limezimwa, nitakuwa mtu wa namna gani?"

Modestus aliona aibu, aibu kubwa iliyompanda mpaka masikioni. Alimtazama mwalimu yule aliyesafiri mwendo wa saa nne kumletea mchele mtu aliyekataa hata kumwandikia mistari miwili.

"Kijana wenu," aliuliza mwishowe, sauti imeshuka, "huko ghalani analipwa lini?"

"Kila Ijumaa," Thierry alidakia, halafu akatamani kulimeza neno lake. Apolonia akageukia dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Basi mwambieni aje nimwone."

"Yuko kwenye gari, hapo nje," alisema Mzee Severin. "Ndiye aliyetuleta. Lakini si desturi aingie kabla hajaitwa."

"Kwenye baridi hii? Amezima gari?"

"Anasema majirani zenu wataogopa wakiona gari linanguruma muda mrefu."

Modestus alitoka na soksi tu. Gari lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara, vioo vimejaa ukungu. Akagonga kioo cha dereva kwa vidole viwili. Anicet aliona kwanza sare, na beji kifuani, akadhani polisi wameitwa. Akafungua mlango polepole sana, akashuka, akasimama ameinua mikono yote miwili juu.

Modestus akaishika ile mikono, yote miwili, ilikuwa ya baridi kama bomba.

"Ishushe, mwanangu," alisema. "Twende ndani. Mama yako anawasha jiko."