Pilau la Ushindi

Pilau lilikuwa limeshapaliwa makaa redio ilipotangaza kuwa tumeshindwa. Sufuria saba zilipangwa nyuma ya banda la tawi letu, pale Mpendae, kila mfuniko umebeba makaa yake, na harufu ya karafuu na mdalasini imeshafika barabarani. Mtangazaji alisoma wadi yetu, akasoma jimbo, kisha akaendelea na Unguja nzima, na kila aliposoma watu kumi waliondoka. Hawakulia wala hawakugombana. Kila mmoja alikumbuka ghafla kuwa ana shughuli nyumbani kwao.

Tukabaki wawili: mimi Mudrik, katibu wa tawi, na Bi Amne, mpishi wetu, aliyekuwa bado ameshika mwiko.

Kosa lilikuwa langu, sitamsingizia mtu. Mkutano wetu wa mwisho wa kampeni ulijaza uwanja, vijana wakacheza mpaka vumbi likapanda, na mimi lile vumbi nikaliona kura. Nikasimama kwenye kikao nikasema ng'ombe achinjwe alfajiri ya siku ya matokeo, watu wale hapo hapo, na wenzetu wa upande wa pili waisikie harufu. Wahenga walituonya tusikate mbeleko kabla mtoto hajazaliwa. Mimi nilikata mbeleko na nikashona na kofia. Mwenyekiti wetu, Mzee Usi, alicheka akanipiga bega, akasema, "Katibu wetu ana imani." Ni kweli, imani nilikuwa nayo.

Sasa lile pilau nilitaka kulifukia. Nilishakwenda kuazima jembe.

"Bi Amne, tulimwage shimoni kabla watu hawajaja kutucheka."

Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyetia chumvi kwenye chai. "Umwage neema ya Mungu kwa sababu ya kura? Wali haujui nani kashinda, mwanangu. Weka jembe hilo, kalete sahani."

"Za wapi?"

"Za kwangu, za mamaako, kaazime. Nyumba hazipungui mtaani."

Basi mimi, fundi wa mafriji, mwanamme mwenye ndevu zangu, nilizunguka mtaa mzima adhuhuri ile nikiomba sahani. Bi Amne alipakua, mimi nikapeleka. Alinielekeza nyumba moja moja bila ya kuuliza nani wa chama gani, mpaka akanielekeza kwa Bi Mwanakheir, aliyekuwa wakala wa wenzetu kituoni na aliyetushinda mchana kweupe.

"Hata huyu?"

"Huyo mbele. Nyumba yake ina watoto tisa."

Nilibisha hodi huku nimeshaandaa jibu la kejeli yake. "Shikamoo, Bi Mwanakheir." Akaitikia marahaba, akaitazama sahani, akanitazama mimi. "Poleni," alisema, akaipokea kwa mikono miwili. Nilisimama pale mlangoni na jibu langu, sina pa kulipeleka.

Siku ya tatu ikaja barua kutoka ofisi ya chama, Mji Mkongwe. Chama kimeanguka vibaya, iliandikwa, na hakina nguvu ya kubeba matawi yaliyokufa. Tawi lisiloweza kuonyesha wanachama thelathini waliotia saini ndani ya siku kumi lifungwe. Muhuri, bendera na ufunguo virudishwe. Daftari letu lilikuwa na majina mia nne. Niliona thelathini ni mchezo.

Mimi na Mzee Usi tukaingia njiani. Wapo tuliowakuta wanaoga asubuhi, tukarudi alasiri tukaambiwa bado wanaoga. Tukapanda ngazi za Michenzani kumtafuta kijana aliyekuwa akipiga ngoma kwenye kila mkutano wetu; alitufungulia mlango kwa upana wa jicho moja, akasema anaumwa. Kwa siku tatu tulipata saini kumi na moja, pamoja na zetu. Jioni ya siku ya tatu nilikaa bandani peke yangu nikaufunga muhuri kwenye kitambaa. Nilijiunga na chama hiki nina miaka kumi na minane. Baba yangu alinipa kadi yake ya zamani niitazame, si kuichukua, akasema mtu bila ya wenzake ni kuni moja. Sasa mimi ndiye ningeufunga mlango wa tawi alilolijenga yeye kwa mikono yake. Nililia, na sioni haya kusema.

Kesho yake sahani zikaanza kurudi.

Hapa kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Hata asiye na kitu atatia ndimu mbili au gao la sukari, la kujaa kiganja, ndipo airudishe. Na kwa kuwa pilau lile lilitoka tawini, sahani zilirudishwa tawini, na mimi ndiye niliyekuwapo kuzipokea. Wa kwanza alileta mkate wa kumimina. Wa pili alileta maembe, mwengine muhogo, mwengine mayai ya kuku wake. Nami nisingeweza kumpokelea mtu sahani mlangoni kama mwizi. Nilimkaribisha, nikampa kiti. Mtu akishakaa kwenye kiti husema.

Walisema, wallahi. Mmoja alisema kijana wake alikwenda kuomba barua ya kutafutia kazi, akaulizwa kwanza kadi iko wapi. Mwengine alisema mgombea wetu alipita kwake mara mbili na mara zote hakuteremka garini. Bi Mwanakheir alileta visheti, akakaa, akaupanga mtandio wake.

"Unataka kujua kwa nini tulikushindeni? Mifereji ya majumbani ilipokauka miezi mitatu, sisi tulileta boza la maji. Nyinyi mlileta spika."

Siku ile masikio yaliniwaka moto. Nilitaka kumjibu, na majibu ninayo, mimi ni mtu wa siasa. Lakini visheti vyake vilikuwa mbele yangu, na ni vigumu kubishana na mtu huku unakula chake. Nikachukua karatasi ya kampeni iliyobaki, nikaigeuza, nikaandika nyuma yake alichosema. Kila aliyekuja baada yake nilimwandika. La kunishangaza ni kuwa wengi waliotukaripia, wenye kadi zetu tangu zamani, walipomaliza waliuliza: "Hiyo orodha ya kutia saini iko wapi?"

Leo nikikaa na vijana wa chama wakaniuliza tulitokaje pale, huwaambia tulitoka kwa sahani, wakadhani ninafanya mzaha. Uchaguzi mwengine bado haujafika na sijui kama tutashinda. Ninachojua ni kuwa nashukuru. Namshukuru Mungu kwa kunipa aibu ile, na namshukuru Bi Amne kwa kunizuia kuifukia. Lakini zaidi namshukuru kwa alilolifanya siku ya tisa, moja kabla ya muda wetu kwisha.

Alasiri ya siku ile tulikutana bandani pamoja na waliokwishatia saini, wanaume kwa wanawake. Saini zilikuwa ishirini na tisa. Hatukuwa na wasiwasi, maana Bi Amne alikuwa hajatia yake. Kila nilipompelekea alisema ana unga mkononi, ngoja kwanza. Mwanachama wa miaka ishirini. Mzee Usi alimsogezea karatasi huku ameshaanza kutabasamu.

Bi Amne akasimama.

"Kabla sijatia, nna neno. Mimi sikukupigieni kura."

Tabasamu la Mzee Usi liliondoka.

"Bi Amne, usitutanie," alisema Mzee Usi.

"Sitanii. Nliingia kwenye kile kichumba, nkakaa na ile karatasi. Miaka ishirini nakupikieni. Mnakuja kunambia watu wangapi, mchele kilo ngapi. Hapana hata siku moja mtu alokuja kunuliza, Bi Amne, we unataka nini? Nkawapa wale wengine."

"Na pilau?" nilimuuliza.

"Kupika nlikuwa nshaahidi."

Mzee Usi aliivuta karatasi, akaikunja mara mbili. Alikuwa mtu mzima aliyekipa chama umri wake, na sikumlaumu. "Basi huyu hahesabiki," alisema. "Nna mpwa wangu Michenzani. Atatia saini leo hii, bila ya maneno."

Bila ya maneno. Watu wote waligeuka kunitazama mimi, kwa kuwa orodha ilikuwa kazi ya katibu. Tawi la baba yangu lingeweza kuokolewa na mtu asiyetaka kitu kwetu, na asubuhi ningeipeleka karatasi Mji Mkongwe, mambo yakaishia hapo. Nilizikumbuka zile sura zilizokuwa zikioga asubuhi na alasiri. Wote wale walijiandikisha daftarini mwetu bila ya maneno.

"Nisamehe, Mzee Usi," nilisema. Niliichukua karatasi mkononi mwake, nikaikunjua, nikaiweka mbele ya Bi Amne pamoja na kalamu. Sikuwahi kumvunjia heshima mzee yule kabla ya siku ile. Yeye alitazama sakafuni, lakini hakunizuia.

"Unataka nini, Bi Amne?"

Nadhani hakulitegemea swali lile. Alikaa kitako, akafuta mikono kwenye kanga ingawa ilikuwa safi.

"Choo," alisema mwisho. "Cha wanawake, pale sokoni kwetu. Nauza maandazi pale toka alfajiri. Haja ikinshika nafunga biashara nakwenda nyumbani, nikirudi wateja washaondoka. Sote tunafanya hivyo. Sote."

Wanawake waliokuwa nyuma waliitikia kwa pamoja, taratibu. Sisi wanaume tulikuwa tumehutubia kwenye soko lile mara nne.

Niligeuza karatasi ya kampeni, nikaandika. Mzee Usi alikohoa, akavua kofia yake, akaivaa tena.

"Choo tu?" aliuliza.

"Na mlango wake ufunge," alisema Bi Amne, akavuta orodha, akatia saini.